Maswali na Majibu: Adui Usiyemwona Unamhesabuje?

Katika toleo lililopita tulichapa makala fupi kuhusu mwaka wa mwisho wa Vita Kuu ya Pili huko Pasifiki, tukagusia mpango wa Marekani wa kutua Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, tarehe 1 Novemba 1945. Mpango huo uliitwa Olympic, na haukutekelezwa kwa sababu Japani ilisalimu amri Agosti. Barua zilizotufikia zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu anayetaka kuvamia nchi ya mwenzake anajuaje atakutana na nini ufukweni? Tumechagua barua sita.

Wahariri, habari za kazi. Mlisema tarehe 18 Juni 1945 Rais Truman aliambiwa kwamba Kyushu kuna divisheni nane za Japani, watu wapatao 350,000. Wiki saba baadaye hesabu ikawa imepita nusu milioni. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanauliza nani alimdanganya rais. Mimi nauliza askari aliye ng'ambo ya bahari anahesabiwa vipi.
*Mwalimu wa historia, Dodoma*

Mwalimu, waambie vijana kwamba rais hakudanganywa. Jenerali Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, alimpa hesabu iliyokuwepo mezani siku ile. Tatizo ni kwamba hesabu ya jeshi huzeeka haraka, na hii ilikuwa inazeeka huku kikao kikiendelea.

Kazi yenyewe huanza na kadi. Kila kikosi cha adui kina kadi yake: namba, jina la siri, kamanda, mji kinakoandikisha askari wake, mahali kilipoonekana mara ya mwisho, tarehe, na nani aliyeleta habari. Ofisa asiyeandika tarehe na chanzo anaharibu kadi nzima, kwa sababu miezi mitatu baadaye hakuna atakayejua kama habari ile ilitoka kwa mateka, kwenye picha ya ndege, au kwenye ujumbe wa redio.

Habari za redio ndizo zilizobeba mzigo mkubwa kwa Japani. Hata ujumbe usiosomeka una faida: vituo viwili au vitatu vya kusikiliza vikipima upande sauti inakotoka, mistari ikikutana kwenye ramani unajua mtambo uko wapi. Ukihesabu jumbe zinazokwenda na kurudi, unajua nani mkubwa na nani mdogo wake. Misimbo ikifumbuliwa, unasoma maneno yenyewe. Mara nyingine ufunguo unaokotwa. Januari 1944 huko Sio, New Guinea, askari mhandisi wa Australia alikuwa akitafuta mabomu ya ardhini, kifaa chake kikalia kando ya kijito. Wakachimba wakidhani ni bomu. Lilikuwa sanduku la chuma, limejaa maji, na ndani yake vitabu vya misimbo vya Divisheni ya 20 ya Japani. Majalada yalikuwa yamechanwa, yakapelekwa kwa wakubwa kama ushahidi kwamba vitabu vimeteketezwa. Waliokuwa wakirudi nyuma kwa haraka waliona kuzika ni rahisi kuliko kuchoma karatasi mbichi. Vitabu vilisafirishwa hadi Brisbane, Australia, kurasa zikakaushwa moja moja, na kwa muda jumbe za jeshi la nchi kavu la Japani zikawa zinasomwa kwa wingi.

Baada ya kadi huja kuzidisha. Divisheni ya Japani ya mwaka 1945 haikuwa na kipimo kimoja: nyingine ilikuwa na watu kama 10,000, nyingine zaidi ya 20,000. Kwa hiyo lazima kwanza ujue aina yake. Namba ilisaidia. Nyingi za divisheni mpya zenye namba za mia moja na kitu na mia tatu na kitu zilikusudiwa kukaa ufukweni na kufia hapo. Za mia mbili na kitu ziliwekwa nyuma kwa ajili ya mashambulizi ya kujibu. Juu ya divisheni unaongeza brigedi zinazojitegemea, mizinga, wahandisi, watu wa bohari, wanamaji wa nchi kavu na mafundi wa viwanja vya ndege. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Mmoja anasema 350,000 akiwa na maana ya kila aliyevaa sare, na mwingine anasoma namba ileile akidhani wote ni wapiganaji wa mstari wa mbele.

Sasa, kwa nini ilipanda? Sababu ya kwanza ni kwamba adui akiwa kwao hazungumzi sana redioni. Ana simu za waya, ana tarishi, ana treni. Japani ilianza kuunda divisheni mpya Februari 1945 na kuendelea kwa awamu, lakini nyingi za Kyushu zilianza kujitokeza kwenye kadi za Wamarekani mwezi Juni na Julai. Sababu ya pili ndiyo tunayoomba uisisitize darasani. Mpango wa Olympic uliandikwa kwa kudhani kwamba ndege na manowari zitakifunga kisiwa, asiingie mtu. Lakini kati ya Kyushu na Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, kulikuwa na reli inayopita chini ya bahari, handaki la Kanmon lililofunguliwa mwaka 1942. Zaidi ya hapo, baadhi ya divisheni hazikuhitaji kuvuka chochote: ziliundwa papo hapo kisiwani, kwenye vituo vya uandikishaji vya Kumamoto na Kurume. Njia unaweza kuifunga, lakini mtu ambaye tayari yuko nyumbani kwao huwezi kumzuia kufika.

Tarehe 29 Julai ofisa mkuu wa upelelezi wa Jenerali MacArthur, aliyepangiwa kuongoza uvamizi, alitoa masahihisho; jina lake Charles Willoughby. Divisheni nyingine sita zilikuwa zimeonekana, na akaonya kwamba hali hiyo isipozuiwa washambuliaji watakwenda mmoja kwa mmoja, na kwa uwiano huo hakuna ushindi. Kumbuka, Mwalimu, kwamba kwa desturi ya kijeshi anayeshambulia hutaka angalau watu watatu kwa mmoja mahali anapopenya. Baada ya vita ilithibitika kwamba Kyushu kulikuwa na divisheni 14: ya 25 na ya 57 zilizotoka Manchuria, ya 77, ya 86, na kumi zilizoundwa mwaka huohuo wa 1945. Makadirio ya mwisho kabla ya kusalimu amri yalikuwa yameikaribia sana idadi hiyo ya divisheni.

Wanafunzi wafanye hesabu hii ubaoni. Waraka aliosomewa Truman ulikuwa na uwiano wa hasara katika visiwa vilivyokwisha kupiganiwa: Leyte, Mmarekani mmoja kwa Wajapani 4.6, Okinawa, mmoja kwa wawili, Iwo Jima, mmoja kwa 1.25. Chukua uwiano wa Okinawa. Adui 350,000 wanakupa hasara ya 175,000. Adui 550,000 wanakupa 275,000. Hiyo ni hesabu ya darasani, wala si utabiri wa mtu yeyote wa wakati ule, lakini wataona kwa nini kadi sita mpya ziliwanyima watu usingizi.

Naomba mnieleze: ikiwa hesabu ilibadilika kiasi hicho, kwa nini mpango haukubadilishwa?
*Msomaji, Bukoba*

Ulikaribia kubadilishwa. Tarehe 7 Agosti Marshall alimwandikia MacArthur akimuuliza kama haingefaa kufikiria mahali pengine penye ulinzi mdogo, akataja Tokyo, Sendai na Ominato. Siku mbili baadaye MacArthur alijibu kwamba haamini taarifa za nguvu kubwa kusini mwa Kyushu. Taarifa hizo zilikuwa za ofisi yake mwenyewe ya upelelezi. Alikuwa amekabidhiwa kuongoza uvamizi mkubwa kuliko wote, na mtu aliyekwisha kuuvaa mpango huuona upelelezi unaoupinga kama kikwazo. Ndiyo maana ni vyema anayehesabu adui asiwe chini ya mamlaka ya anayetaka kushambulia. Siku chache baadaye vita vilikwisha, na swali lako halikupata jibu uwanjani.

Shikamooni wahariri. Nasoma sayansi ya bahari hapa Mombasa. Rafiki yangu ananiambia Wamarekani waliwahi kuhesabu Wajapani kwa kuhesabu vyoo. Ni kweli, au ni utani wa mtandaoni?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Marahaba. Ni kweli, na wewe unayesoma bahari utafaidika zaidi na sehemu ya pili ya jibu kuliko ya kwanza.

Mahali ni Betio, kisiwa kidogo katika Tarawa, huko Pasifiki, Novemba 1943. Vyoo vya askari vilijengwa juu ya nguzo, vikatokeza baharini ili maji yasafishe. Kwenye picha za ndege vilionekana wazi kabisa, tofauti na mahandaki yaliyofunikwa kwa magogo ya minazi na mchanga. Wasomaji wa picha walijua kanuni za jeshi la Japani kuhusu choo kimoja hutumiwa na watu wangapi. Kazi ilikuwa kuhesabu na kuzidisha, kisha kulinganisha na jumbe za redio. Jumla ilikuwa karibu na ukweli: kisiwani kulikuwa na watu wapatao 4,800, wakiwemo vibarua wengi kutoka Korea. Ukitaka kutumia njia ya aina hii, chagua kitu ambacho kila mtu anakihitaji, hakifichiki kwa urahisi, na kina kanuni iliyoandikwa. Jiko, tangi la maji, choo. Hema linadanganya, kwa sababu hema tupu na hema lililojaa vinafanana ukiwa angani.

Watu walihesabiwa vizuri. Kilichokosewa ni maji. Betio imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na boti za kushushia askari zilihitaji zaidi ya mita moja ya maji zikiwa zimepakia. Wapangaji walitegemea kama mita moja na nusu juu ya mwamba. Tarehe 20 Novemba mwezi ulikuwa kwenye robo ya mwisho, yaani maji mafu, na tena mwezi ulikuwa umefika mbali na dunia. Mvuvi yeyote wa Lamu au Pemba anajua maji mafu hayajai kama bamvua. Meja Frank Holland, aliyeishi visiwa vile miaka mingi, aliwaonya kwamba hayatatosha. Boti zikakwama mwambani. Askari wakashuka wakatembea majini mita mia kadhaa, silaha juu ya kichwa, kuelekea kwenye bombomu, yaani bunduki za rashasha. Waliofaulu kufika wakiwa ndani ya chombo ni wale waliopanda magari ya minyororo yanayoogelea na kupanda mwamba, na hayo yalikuwa 125 tu. Katika siku tatu Wamarekani kama 1,000 walikufa. Kwa upande wa pili, askari wa Japani waliokamatwa hai walikuwa 17.

Baada ya hapo upimaji wa ufukwe ukachukuliwa kama upelelezi kamili. Kabla ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, usiku wa kuamkia mwaka 1944, Waingereza wawili, Logan Scott-Bowden na Bruce Ogden-Smith, waliogelea hadi ufukwe wa Ufaransa uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakatoboa mchanga kwa kekee ya mkono, wakatia sampuli kwenye mirija na kurudi nayo. Hofu ilikuwa kwamba chini ya mchanga kuna udongo laini ambao ungemeza vifaru. Ukipewa kazi kama hiyo, pima vitu vinne: mteremko wa ufukwe, ugumu wa kilicho chini ya mchanga, kina cha maji kwa saa na tarehe ileile unayoikusudia, na njia za kutoka ufukweni kwenda bara. Jedwali la maji la bandari iliyo mbali halitoshi.

Nafanya kazi ya takwimu. Kuna ile njia ya kukadiria vifaru kwa namba za kiwandani. Mnaweza kuionyesha kwa ufupi?
*Msomaji, Kigali*

Tunaweza. Wataalamu wa takwimu wa Washirika walichukua namba zilizopigwa kwenye sehemu za vifaru vya Ujerumani vilivyotekwa au kuharibiwa. Kiwanda kinachopiga namba kwa mfuatano kinakupa siri yake bila kujua. Chukua namba kubwa kuliko zote uliyoiona, iite *m*. Hesabu vifaru ulivyoviona, *k*. Makadirio ya jumla ni m + m/k − 1. Mfano: umeona vifaru vitano, namba kubwa ni 60. Sitini, jumlisha 12, toa moja: 71.

Njia hii iliposema 244 kwa mwezi Juni 1941, wapelelezi wa kawaida walikuwa wakisema 1,550. Kumbukumbu za Wajerumani zilizopatikana baada ya vita zilionyesha 271. Agosti 1942: njia ya namba 327, wapelelezi 1,550, ukweli 342.

Inapoharibika: kiwanda kikiruka namba makusudi, viwanda viwili vikigawana mafungu ya namba, au ulichokusanya kikiwa kimetoka kundi moja lililotengenezwa pamoja. Ndiyo maana walipenda zaidi namba za giaboksi, kwa kuwa zilikwenda kwa mfuatano usiokatika. Kumbuka pia kwamba unapata idadi iliyotengenezwa. Kama kifaru kina mafuta au dereva, namba haisemi.

Nimestaafu jeshi. Marehemu baba yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana na Wajapani Burma, bonde la Kabaw. Alikuwa akisema Mjapani hasalimu amri. Watu na vifaru vinahesabika. Je, moyo wa kupigana nao hupimwa?
*Mzee, Iringa*

Shikamoo mzee wetu. Marehemu alisema kweli, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde lile mwaka 1944 hadi mto Chindwin iliujua ukweli huo kabla ya wengi waliokaa ofisini.

Moyo hupimwa kwa matendo yaliyokwisha kutokea, hasa idadi ya mateka. Iwo Jima, Wajapani walikuwa kama 21,000. Waliokamatwa wakati wa mapigano ni kama 200. Okinawa, miezi michache baadaye, walikamatwa zaidi ya 7,000. Ofisa mzuri anaona mambo mawili hapo. Jeshi bado linakufa mahali pake, lakini kitu kimeanza kulegea, hasa kwa watu walioandikishwa haraka. Ukiangalia Iwo Jima peke yake utatisha wakubwa kupita kiasi. Ukiangalia Okinawa peke yake utawapoza.

Kisha unauliza huo moyo umeshika nini mkononi. Juni 1945 Japani ilitunga sheria ya kuwaandikisha raia, wanaume wa miaka 15 hadi 60 na wanawake wa 17 hadi 40. Kwenye karatasi hao ni mamilioni. Wengi walifunzwa kwa mikuki ya mianzi, na hata divisheni mpya za kweli zilipungukiwa bunduki na magari. Kosa la kawaida ni kumhesabu mwenye mkuki sawa na mwenye bombomu.

Ila tahadhari, mzee: silaha duni si lazima iwe dhaifu. Usiku wa 29 Julai 1945, karibu na Okinawa, manowari ya Marekani Callaghan ilizamishwa na ndege ya mazoezi ya mabawa mawili, ya mbao na kitambaa, iliyoruka chini na polepole. Rada ilipata shida kuiona, na makombora yenye fyuzi inayolipuka kwa mwangwi wa redio hayakupata chuma cha kutosha cha kurudisha mwangwi. Japani ilikuwa na ndege za mazoezi kwa maelfu na ilikuwa imeweka akiba ya mafuta. Aliyeziondoa kwenye hesabu kwa kuwa ni za wanafunzi alikosea sana.

Hapa kwetu wazee husema Waingereza walifukuzwa na nyuki mwaka 1914. Naona hamkutaja Tanga kabisa. Waingereza hawakuwa na wapelelezi?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Ahsante kwa kutukumbusha. Nyuki walikuwepo na waliuma pande zote mbili, lakini vita ilikuwa imekwisha kuharibika kabla mizinga ya nyuki haijaguswa.

Waingereza walileta watu wapatao 8,000 kutoka India. Walijiaminisha kwamba Tanga haina ulinzi wa maana, na asubuhi ya 2 Novemba 1914 hilo lilikuwa karibu na kweli: kulikuwa na kombania moja na polisi. Manowari Fox ikaingia, ikamtaka mkuu wa wilaya, Auracher, asalimishe mji. Auracher akaomba muda, na simu za taarifa zikaondoka kwenda bara. Meli zikasubiri, zikatafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Wa kwanza walishuka Ras Kasone usiku huo, wakashambulia alfajiri ya tarehe 3, wakarudishwa nyuma. Shambulio kubwa lilikuja tarehe 4. Kufikia hapo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotawala hapa wakati huo, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika walioletwa kwa treni kutoka Moshi.

Hapo ndipo ilipo hitilafu, na ni ileile ya Kyushu: walihesabiwa waliopo, hawakuhesabiwa wanaoweza kufika. Reli ya Usambara, kama kilomita 350 kutoka Moshi, haikuwa siri. Ilichapwa kwenye ramani na wasafiri waliipanda. Maswali ya kuuliza Mombasa au Zanzibar mwezi Oktoba yalikuwa haya: Moshi kuna injini ngapi zinazofanya kazi? Treni moja inabeba watu wangapi pamoja na risasi zao? Inachukua saa ngapi kushuka, na inaweza kurudi mara ngapi kwa siku mbili? Kuni na maji inachukua wapi? Daraja gani likivunjwa linasimamisha kila kitu? Mhudumu wa stesheni angejibu mengi ya hayo. Majibu yangeonyesha kwamba kila saa ya kusubiri bandarini ina bei yake kwa idadi ya askari.

Waingereza waliondoka tarehe 5 wakiwa na hasara ya zaidi ya watu 800, waliouawa na waliojeruhiwa, wakaacha bombomu kadhaa, mamia ya bunduki na mamia ya maelfu ya risasi. Upande wa Wajerumani walikufa kama 70, wengi wao askari Waafrika.

Lettow-Vorbeck mwenyewe alishuka kwenye treni nje ya mji usiku wa kuamkia tarehe 4. Hakungoja ripoti. Alichukua baiskeli, akapita mitaa iliyokuwa kimya, akafika upande wa Ras Kasone hadi karibu na maji. Meli zilikuwa zimetia nanga mbele yake, zimewasha taa zote, na kelele za watu wanaoshusha mizigo zilimfikia pale alipo.